Kumuuliza Baba Mwenyewe, Usingizini

Baba alianza kuongea mwaka mmoja baada ya kuzikwa.

Alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa fundi wa baiskeli huko Magarini, na katika maisha yangu yote sidhani aliwahi kunipa sentensi tatu zinazofuatana. Nilipomletea habari kwamba nimechaguliwa kwenda chuo kikuu, alipangusa mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi, akasema, "Haya," akarudi kwenye mnyororo wake. Nilipoolewa alisema, "Haya." Nilipoachika, miaka kumi na moja baadaye, alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akasema, "Haya basi." Hilo neno la pili nililihesabu kuwa hotuba, na nililia njia nzima mpaka Kilifi.

Sasa chini ya udongo akawa msemaji. Ila hakusema nami. Alisema na dada yake.

Kwetu, mtu aliyekufa akikujia usingizini hukai na jambo hilo peke yako. Unaamka, na kabla hujasukutua kinywa unaipeleka ndoto kwa mkubwa wa nyumba, naye anakwambia koma, wazee waliotangulia, wanataka nini: uji, shuka, au tembo la mnazi kidogo la kumwagwa penye vile vijiti vya kuchongwa tulivyowasimikia wafu wetu. Sisi ni Wakristo, nasi twamwaga. Shangazi yangu amekuwa mama wa kanisa tangu sijazaliwa, na sijamwona akipata taabu ya kufanya yote mawili siku moja, kwa leso ile ile.

Baba alipofariki, mkubwa wa nyumba akawa huyo shangazi, dada yake wa kwanza. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeota, yeye ndiye aliyefasiri, na yeye ndiye aliyepiga simu. Nimefundisha chuoni miaka ishirini na sijakutana na mtu mwingine aliyetunga mtihani, akaufanya, akausahihisha mwenyewe, kisha akatangaza matokeo bila haya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimemwota kaka yangu."

Ilikuwa alfajiri, na hakuniuliza hata nimeamkaje.

"Amesema mji umepoa. Moshi hauonekani tena jikoni kwake."

Nikasema pole. Wiki mbili baadaye baba akarudi, kwake tena, akasema ana binti anayelala katika nyumba za watu huko Kilifi ilhali ardhi ipo. Nikasema nimesikia. Mara ya tatu alikuja na ramani.

"Amesema ujengewe vyumba viwili na sebule. Upande wa mashariki. Mabati ya maruni."

"Baba amesema maruni?"

"Amesema."

"Shangazi, baba alijua rangi nne. Nyeupe, nyeusi, nyekundu na kutu."

"Huko aliko ameona mengi."

Ningecheka kama kaka zangu wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Nairobi, hawangekuwa wamekwisha kukubali. Walikubali upesi sana, kwa kuwa wao hawakuotwa. Hakuna aliyemwona baba akimtaka mwanawe wa Mombasa arudi kufuga kuku Magarini. Kabla ya mwezi kwisha msingi ulikuwa umechimbwa, na kaka mkubwa akatuma picha yake kwenye kundi la familia, shimo la mstatili katika udongo mwekundu, na chini yake akaandika kwamba familia ni familia.

Mpango ulikuwa hivi. Siku ya Pasaka wote tungekuwa nyumbani. Baada ya kanisa sadaka ingemwagwa, na shangazi angesema mbele ya wote neno la marehemu. Nikikataa kabla ya hapo, namkatalia shangazi, nalo ni jambo la kawaida ambalo nimelifanya tangu nikiwa na miaka sita. Nikikataa baada ya hapo, namkatalia maiti mbele ya kijiti chake, na kila mtoto atakayepata homa katika ukoo wetu, hadi nami nifukiwe, ataugua kwa sababu yangu.

Niseme ninachokikatalia, maana ni kitu kidogo na watu hukitazama hawakioni. Nina nyumba ya kupanga Kilifi, vyumba viwili, meza chini ya dirisha, mlango wa bati uliopindika kidogo. Nafundisha asubuhi, naandika alasiri. Nikitoka hakuna anayeuliza nakwenda wapi, nikirudi hakuna anayeuliza nilikuwa na nani, nikilala saa tisa mchana hakuna anayeuliza naumwa nini. Nilikaa katika ndoa ambamo hata kunyoosha mgongo kitandani kulihitaji maelezo. Mwenye kutaka kuniondoa kwenye meza ile atahitaji zaidi ya mabati.

Basi nikaamua. Kama baba ana neno na mimi, aniambie mimi. Ninalala kila siku, tena mapema. Sioni ni kwa nini apitie kwa dada yake kama mtu asiyejua nyumba yangu.

Shida ni kwamba baba alikuwa akinijia kweli, ila hakusema. Tangu afe nilikuwa nimemwota mara mbili. Mara moja alipita mbele yangu akisukuma baiskeli isiyo na tairi, na mara ya pili alikuwa ameketi kizingitini akitazama miguu yangu. Nami ndani ya ndoto sikukumbuka kwamba amekufa, kwa hiyo sikumuuliza lolote la maana. Mara ya pili nilimuuliza kama amekula.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wapo watu wanaoota huku wakijua wanaota, na kwamba ni ufundi unaoweza kujifunzwa kama kuogelea. Mtu anayejua yumo ndotoni anaweza kusimama, akageuka, akauliza swali. Nikatafuta zaidi kwenye simu. Maelezo yalikuwa mengi, yameandikwa na watu wenye matumaini makubwa na, nilivyohisi, wasio na mashangazi. Lakini msingi wake haukuwa mgumu. Andika ndoto zako kila uamkapo, ili akili ijue unazijali. Mchana jiulize mara kwa mara kama unaota, na ufanye jaribio, ili mazoea yakufuate usingizini. Hesabu vidole, ndotoni huwa havitimii au huzidi. Soma maandishi mara mbili, ndotoni hubadilika. Bana pua ujaribu kuvuta hewa. Ukiwa macho haipiti, ukiwa ndotoni unapumua vilevile.

Nikanunua daftari. Nilikuwa na shahada mbili na azma ya mwanamke aliyechimbiwa msingi, nikadhani wiki moja ingetosha. Haya ndiyo niliyoyaandika wiki ya kwanza: "Viazi." "Ngazi, mtu fulani." "Sikumbuki ila nilikuwa na haki." Siku ya sita niliandika kurasa mbili nzima za ndoto ndefu yenye mwanzo na mwisho, kisha nikaamka, nikakuta daftari limefungwa na kalamu iko jikoni. Nilikuwa nimeota nikiandika.

Vidole navyo viliniletea sifa nisizostahili. Ninagawana ukuta wa ua na mjane mmoja, Muislamu, mzaliwa wa mji wa kale wa Malindi, mwenye Kiswahili ambacho kikisemwa mimi mwalimu hujiona nimejifunza kwenye redio. Aliniona nimeketi mlangoni nikihesabu vidole, narudia, nahesabu.

"Mashallah, mwalimu," akasema juu ya ukuta. "Umeanza uradi?"

"Nahesabu vidole."

"Vimepungua?"

Nikamweleza yote, baba, shangazi, maruni, majaribio. Alinisikiliza huku akianika nguo, hakunikatiza.

"Sisi ndoto mbaya haisimuliwi," akasema. "Ukiamka watema mate kushoto mara tatu, wageukia upande wa pili, basi. Nzuri wamwambia akupendaye."

"Na hii ya baba kutaka nirudi, utaiweka wapi?"

"Hiyo si ndoto. Hiyo ni shangazi yako."

Akashika kibanio cha mwisho mdomoni, akaendelea na kazi yake.

Mwezi wa pili nikafaulu, kwa muda wa kupiga chafya. Niliota nasimamia mtihani. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kawaida, wanafunzi wameinama wote, na saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Nikageuza macho, nikairudia: saa moja. Nikairudia tena: haikuwa saa, ilikuwa sahani. Nikajua. Sijui namna ya kulieleza jambo hilo kwa mtu ambaye halijampata. Ni kama kuwa katika chumba chako mwenyewe na kugundua kwamba taa ilikuwa imezimwa maisha yako yote. Niliinua mikono, nikapiga kelele ya furaha, na nikaamshwa na kelele yangu mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta jirani aliuliza kama nimeumwa na nge.

Wataalamu wa simuni walikuwa wameonya hivyo: mwanafunzi hufurahi, furaha humwamsha. Ukijua unaota, usiruke. Tulia, sugua viganja vyako, tazama kitu kilicho karibu. Mara iliyofuata nikasugua viganja, nikatulia, na kwa kuwa sikumwona baba popote nikaona nijaribu kuruka, jambo ambalo nasikia kila mtu hulijaribu. Nilipaa futi mbili. Nilivuka shamba la mihogo kwa urefu huo, miguu ikiburura majani, kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Hata katika ndoto ambamo mimi ndiye mwenye amri sikuweza kujiona nikipita juu ya mti.

Lakini ilikuwa inawezekana. Nikawa najua hivyo. Nikakaza mazoezi, na hapo ndipo nilipojiharibia.

Kwa kuwa niliyemtafuta alikuwa marehemu, nilijiwekea sheria: kila nimwonapo au nimsikiapo mtu aliyekufa, nibane pua. Nilitaka mkono uzoee, ili siku baba atakapotokea ujiinue wenyewe bila kungoja akili yangu. Jioni redio ikisoma matangazo ya vifo, mimi niko jikoni nimebana pua, tangazo baada ya tangazo. Nikawa hodari sana.

Kisha akafa mke wa binamu yake baba, huko Matsangoni, nami nikaenda kuzika. Jeneza lilikuwa limefunguliwa chini ya turubai, watu wamepanga foleni wapite wamuage mara ya mwisho. Zamu yangu ikafika. Nikainama nimtazame yule mama, aliyekuwa mtu mwema na mpole, na mkono ukapanda wenyewe ukanibana pua.

Hewa haikupita. Kwa hiyo nilikuwa macho. Nyuma yangu alikuwa shangazi, na nyuma ya shangazi nusu ya Matsangoni, nao pia walikuwa macho.

"Mama yangu ananuka?" akauliza binti wa marehemu, aliyekuwa amesimama kichwani mwa jeneza.

"Hapana, dada. Samahani. Ni mafua."

"Mafua yaliyongoja ufike hapa?"

 Nilimwomba radhi mara tatu siku hiyo, na mara ya tatu akanikubalia kwa kuniambia nikakune nazi. Nikapewa mbuzi ya kukunia, beseni, na rundo la nazi ambalo kwa haki lilikuwa la watu wanne. Wanawake wengine wakasogea kidogo, si sana, kiasi tu cha kunionyesha. Shangazi akaja akaketi kwenye kigoda mbele yangu, akaipanga leso yake magotini.

"Haya. Sema."

"Najifunza kuota."

Akaniangalia kuanzia kichwa hadi beseni.

"Chuo kikuu chote kile hawakukufundisha kulala?"

Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele akacheka, akajifanya anakohoa.

"Nataka nikimwota baba nijue kwamba naota," nikasema. "Nisimame, nimuulize mwenyewe."

"Umuulize nini, na mimi nimekwisha kukwambia?"

"Nimuulize kama amesema."

 Nilikuna nazi nzima, naye akaokota kifuu na kukigeuzageuza.

"Waniona mwongo," akasema mwishoni. Sauti ilikuwa ya chini, si ya ugomvi.

"Sikuoni mwongo. Naamini umemwota. Lakini, shangazi, wewe ulimjua kaka yako. Lini baba alisema maneno mengi vile? Alizungumza nawe hivyo alipokuwa hai?"

Sikutegemea swali lile limpate, lakini lilimpata. Aliangalia pembeni, akakunja ncha ya leso, akaikunjua.

"Basi mtafute," akasema. "Akikwambia neno jingine, uje ulitoe Pasaka mbele ya watu wote, nami nitaufukia ule msingi kwa jembe langu. Asipokujia, wajengewa. Na usiniletee neno la kutunga. Nimesikiliza ndoto za watu tangu nikiwa na meno yote."

Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Sikuwahi kusomea mtihani wowote namna ile. Nilikuwa nimesoma kwamba wakati mzuri ni alfajiri, uamke kidogo kisha urudi kulala, au usingizi wa mchana, na kwa hilo la pili niseme kwa fahari kwamba sisi watu wa pwani hatukuhitaji kuambiwa. Nikala chakula cha mchana mapema, nikalala, nikajiambia maneno yale yale kama mtoto anayekariri: nikimwona baba, najua naota. Wiki ya kwanza niliota mkutano wa idara. Wiki ya pili nilijua naota, nikamwita baba kwa jina la heshima, akatokea mkuu wa idara. Ya tatu na ya nne hazikunipa chochote ila usingizi mzuri na kilo mbili zaidi. Kwenye kundi la familia kaka mkubwa alikuwa anatuma picha za mabati.

Ilipofika wiki ya Pasaka nilikwisha kupanga uongo. Nakiri. Nilikuwa nimeuandika mpaka sentensi yake, fupi, ya kibaba kabisa. "Haya, kaa huko." Nilijua ningeisema vizuri. Nilijua hata pale ambapo ningenyamaza kidogo.

Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu chuo kilifungwa. Nikala muhogo wa nazi, nikajilaza.

Nilikuwa natafuta chumba cha mtihani katika ujia mrefu. Nikafungua mlango, na ndani ilikuwa karakana ya baba, lile banda lake la makuti lililokuwa kando ya barabara. Baiskeli ilikuwa imegeuzwa juu chini. Yeye ameketi kwenye debe, anazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole na kulitazama linavyoyumba.

Mkono ukapanda. Nikabana pua, na hewa ikapita, baridi, bila kizuizi.

Sikupiga kelele. Nikasugua viganja, nikahisi grisi juu yake. Nikatazama spoku za gurudumu mpaka zikatulia, na kila kitu kikawa wazi, kila uzi wa kitambaa chake cheusi. Nikasema:

"Baba."

Akainua kichwa.

"Baba, unataka nirudi nyumbani?"

Alinitazama. Na hili ndilo ambalo hakuna aliyelieleza katika yale yote niliyoyasoma, au pengine walilieleza na mimi nikapita. Alikuwa akingoja. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuambiwa aseme nini. Midomo yake ilianza kufunguka, nami nikahisi neno likipanda, lakini halikuwa likipanda kwake. Lilikuwa likipanda kifuani mwangu. Nilijua lingekuwa neno gani. Lingekuwa ile sentensi yangu, imenyooka, tayari kabisa, na angeisema kwa sauti yake, nami ningeamka nikiwa na ushahidi ambao shangazi mwenyewe angeupokea, kwa kuwa nisingekuwa mwongo. Ningekuwa nimemsikia kwa masikio yangu.

Na nikaelewa jinsi shangazi alivyompata msemaji. Hakutunga. Alitamani kaka yake aseme, naye akasema.

Nilikasirika. Sikumkasirikia shangazi, wala yeye pale kwenye debe. Nilikasirika kwamba tulikuwa wanawake wawili watu wazima tuliojua kila mmoja anataka nini, na hatukuweza kulisema mpaka tumtoe kaburini mwanamume ambaye maisha yake yote aliomba jambo moja tu, aachwe na mnyororo wake.

"Usiseme, baba," nikamwambia. "Acha tu."

Midomo ikafungika. Akashusha kichwa. Nikachuchumaa upande wa pili nikamshikia fremu, naye akakaza spoku moja, akazungusha, akatazama, akakaza nyingine. Tulikaa hivyo. Niliweza kumtazama nitakavyo, kwa kuwa alikuwa na kazi. Kisha nikasikia adhana ya alasiri, nikajua inatoka upande wa pili, nikaamka.

Sikufungua daftari siku hiyo.

Siku ya Pasaka tulirudi kutoka kanisani saa saba. Shangazi alikuwa bado na sare yake ya akina mama wa kanisa. Watu waliketi kivulini upande wa nyuma wa nyumba, kaka zangu, wake zao, watoto wakubwa, majirani wawili wa heshima. Ule msingi ulikuwa pale mbele yetu, mvua imeujaza maji kidogo, na bata mmoja ameingia ndani yake.

"Haya," akasema shangazi. "Kuna mtu aliyesema atamtafuta mwenyewe. Umemwona?"

"Nimemwona."

Watu wakasogeza vigoda. Hata kaka wa Nairobi, ambaye siku zote husema haya ni mambo ya zamani, aliweka simu chini.

"Ulijua unaota?"

"Nilijua."

"Ukamuuliza?"

"Nikamuuliza."

"Akasema nini?"

Ile sentensi ilikuwa bado ipo. Ilikuwa imekaa kwenye ulimi. Shangazi alikuwa amenikazia macho, na niliona kitu ambacho sikukitarajia: alikuwa anaogopa. Hakuogopa kushindwa. Aliogopa kwamba baba angekuwa amesema na mimi neno ambalo hakumwambia yeye.

"Hakusema kitu," nikasema.

"Hata kidogo?" akauliza kaka mkubwa.

"Hata kidogo. Alikuwa anatengeneza baiskeli."

Kaka mkubwa akapumua, akatabasamu kama mtu aliyesikia injini ya gari lake imewaka. "Basi limekwisha. Hakupinga. Tujenge."

"Sijamaliza," nikasema. Nikasimama, kwa sababu nimezoea kusema nikiwa nimesimama. "Baba hakusema, kwa hiyo sisemi kwa ajili yake. Nasema mimi. Sirudi kukaa Magarini. Siumwi, sina shida, sijapotea. Nimekataa mimi, mwanamke niliye hai, na mwenye kulaumu anilaumu mimi. Mtoto akipata homa mpelekeni zahanati."

 Mke wa kaka wa Nairobi alikuwa anatazama ardhi, mabega yake yanatikisika, na sikujua kama ni kicheko au ni nini.

"Ungalisema hivyo tangu mwaka jana," akasema shangazi taratibu, "tusingemsumbua marehemu."

"Ningalisema mwaka jana, mngalinisikia?"

Akafikiri kwa haki kabisa.

"La. Tusingalikusikia."

"Basi."

"Mji huu umepoa, mwanangu. Hilo sikuliota. Naliona kila siku kwa macho haya." Akashika ukingo wa kigoda, akajiinua polepole. "Usiku mimi nasikia mlango wa jikoni ya kaka yangu ukipigwa na upepo, naamka kuutazama, hakuna mtu."

Hapo ndipo hasira zangu zilipokosa pa kushika. Angenitukana ningejua la kufanya. Nikasema nitakuja kila mwezi na nitalala kwake, chumbani mwake, si katika nyumba ya kujengewa. Akasema ninakoroma. Nikasema na yeye anakoroma. Jirani mmoja wa heshima akakohoa, akakumbusha kwamba mnazi unachacha.

Tukaenda penye vijiti vya koma, nyuma ya mkorosho, wote kwa mstari. Kijiti cha baba ndicho kipya, mti wake bado haujageuka kijivu, na kitambaa cheupe tulichomfunga kimekuwa na vumbi. Shangazi alishika kata ya mnazi kwa mikono miwili. Kaka mkubwa alikuwa nyuma yangu, akisema kwa sauti ya chini kwamba mabati yamekwisha kulipiwa nusu.

Shangazi akamwaga kidogo, akangoja udongo unywe.

"Kaka," akasema, "tumekuja. Wote wazima. Wa Mombasa yuko, wa Nairobi yuko. Binti yako huyu hapa. Amekataa kurudi. Amekataa mwenyewe, hatukumsaidia, wala hakukusingizia wewe."

Akamwaga tena, kisha akanigeukia akaninyooshea kata, kitu ambacho wanawake wa umri wangu hawapewi mpaka mkubwa wao atake. Niliipokea. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na mnazi ulikuwa umechacha kweli.

"Nimekataa, baba," nikasema, nikamwaga.